Daftari la Makosa ya Makusudi

Siku ya kumi na moja tangu anyamaze, Mwalimu alitamka neno moja kliniki, na neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi, yeye na mkewe, wakisubiri kuitwa. Ukutani mbele yao palikuwa na karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa kuwataka wagonjwa wanyamaze: "All patient is requested to keep quiet." Mke hakuwa na habari nayo, alikuwa anamfunga mumewe kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. Ghafla Mwalimu akainuka, akaenda mpaka kwa muuguzi aliyekuwa anapima watu presha, akachomoa kalamu mfukoni mwake bila hata kumwomba, akarudi ukutani. Akaongeza s kwenye "patient". Akaikata "is" kwa mstari ulionyooka kama wa rula, na juu yake akaandika "are".

"Are," akawaambia watu wote waliokuwa pale. "Wagonjwa ni wengi. Are."

Watu wakacheka, muuguzi naye akacheka, kalamu ikarudi mfukoni. Mke peke yake hakucheka. Alikaa wima akimtazama mumewe kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa ndani ya nyumba aliyodhani haina watu.

Mwanamke huyu alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Wenzake kazini walimwita Bi Mkunjo, kwa sababu shati likibaki na mkunjo hata mmoja lilimnyima raha mpaka alirudie. Alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile kwa miaka ishirini na sita, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na kovu la kila pasi iliyopita dukani, ya mkaa na ya umeme. Shule aliishia darasa la tano. Mumewe alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na moja, akastaafu kwa heshima zake, na mwaka wa pili wa kustaafu akaanza kusahau. Kwanza alisahau birika jikoni. Kisha akasahau njia ya kutoka dukani kwenda nyumbani, njia ya dakika nne. Halafu siku moja alimkuta mkewe anakunja nguo sebuleni, akamwita dada, akamuuliza kwa adabu mwenye nyumba atarudi saa ngapi.

Daktari hakuwaficha. Alisema ubongo unanyauka, dawa hakuna, na kwamba mgonjwa wa namna hii hupoteza kwanza ya karibuni halafu ya zamani. Bi Mkunjo alisikiliza yote. Ila siku ile ya karatasi ya ukutani, walipokuwa wanarudi nyumbani taratibu wameshikana mikono, alikuwa anawaza jambo moja tu: yule mtu bado yumo.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati lililojaa majibu ya mitihani ya zamani ambayo hayakuwahi kusahihishwa. Alichukua karatasi moja ya juu. Yeye hakuijua maana yake, aliona tu namba moja mpaka ishirini. Akamwekea Mwalimu mezani, pembeni yake akaweka kalamu nyekundu, akaenda zake jikoni asije akaonekana anamsimamia. Aliporudi alimkuta amevaa miwani, ameinama, kalamu inakwenda.

Na alikuwa anazungumza. Tena si neno moja moja. Alimwonyesha kiti, akamwambia akae, asisimame mlangoni kama mzazi aliyeitwa kwa utovu wa nidhamu wa mtoto. Akamweleza kwamba hata Kiswahili kina upatanisho wake: mtoto amelala, watoto wamelala, mtu akisema watoto amelala atachekwa sokoni. Kiingereza nacho kina adabu yake. Herufi s ni moja tu, na jina na kitenzi wanaigombea. Wakiwa wengi, s hukaa kwa jina, kitenzi kinaikosa. Akiwa mmoja, jina linaiachia, kitenzi kinaivaa mkiani.

"The boy runs. The boys run," alisema. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu," akajibu mkewe. Kweli alikuwa ameelewa, na hilo lilimshangaza kuliko yote.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Asubuhi wifi yake, dada wa Mwalimu, alikuja kukaa na mgonjwa. Bi Mkunjo alirudi kutoka kazini saa nane, akaoga, akapika chai, na saa kumi kasoro wakakaa mezani. Kwa muda wa karatasi moja, Mwalimu alikuwa Mwalimu. Alitania, alikaripia, aliuliza jina la mwanafunzi aliyeandika upuuzi ule. Karatasi ikiisha, miwani ikivuliwa, uso ulizima tena, akakaa anatazama mikono yake.

Baada ya miezi miwili sanduku lilikauka. Bi Mkunjo alijaribu kumrudishia za mwanzo, lakini alama nyekundu zilikuwa zimeshajaa, naye akazisukuma pembeni akisema zimesahihishwa, asifanyiwe mzaha. Basi akanunua daftari la kurasa mia, akaamua kutunga makosa mwenyewe.

Si kazi rahisi kama inavyosikika. Ili mtu akosee makusudi, sharti aijue iliyo sawa. Sentensi yake ya kwanza ilimchukua mapumziko yote ya mchana, akiiandika nyuma ya tiketi ya nguo huku pasi inapoa. Alitaka iwe mbovu. Kwa bahati mbaya ikatoka sawa. Mwalimu aliitazama, akaiwekea tiki, akamtazama juu ya miwani na kumwambia amempotezea muda. Bi Mkunjo alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Baada ya hapo alipitia kila siku kwa mfamasia wa duka la pembeni, bwana mmoja mwenye kitambi aliyefundishwa na Mwalimu ujanani. Mfamasia alimsomea sentensi zake kati ya mteja na mteja, akamwambia hii mbovu, hii nzima, hii mbovu kupita kiasi hata Mwalimu atadhani ni lugha nyingine. Taratibu Bi Mkunjo akaacha kuuliza. Akawa anaandika yaliyo karibu naye, kwa kuwa ndiyo aliyoyajua. "The iron are hot." "My sister-in-law talk too much." Mwalimu alisahihisha, wakati mwingine akitabasamu, asijue kwamba wifi anayesemwa ni dada yake aliyekuwa amekaa chumba cha pili anamenya viazi.

Lau angeishia hapo, pangekuwa na amani. Lakini nyumba ile ilikuwa na jambo ambalo halikuwa limesemwa kwa miaka tisa.

Walikuwa na watoto wawili. Binti alikuwa mkunga katika mji wa mbali kidogo, na kaka yake walimwita Waya, kwa sababu tangu akiwa na miaka sita hakuna redio iliyosalimika mikononi mwake. Waya alikuwa na akili za vidole. Kiingereza kilimkataa. Mtihani wa mwisho alianguka somo la baba yake, na Mwalimu alilibeba hilo kama doa kwenye shati jeupe. Mezani alimkosoa mtoto kila alipofungua mdomo, mwisho mtoto akawa anakula kimya. Alipomaliza kujifunza umeme, Waya aliandika barua kwa Kiingereza kuomba kazi kiwandani, akampelekea baba yake aitazame. Siku hiyo kulikuwa na wageni. Mwalimu aliisoma kwa sauti, kosa baada ya kosa, na watu wakacheka. Waya aliichukua barua ikiwa imejaa wekundu, akashukuru, akatoka nayo. Hakuipeleka kokote. Alikwenda kwa fundi mmoja wa mtaani asiyekuwa na glavu wala ngazi ya maana, na baada ya miezi minne waya wa darini ukamuua.

Bi Mkunjo hakumlaumu mumewe kwa mdomo hata siku moja. Alimpikia, alimfulia, alimlindia heshima mbele za watu. Ila neno lile lilikaa kifuani mwake, na sasa mtu pekee aliyestahili kulisikia alikuwa anaondoka huku yupo.

Alasiri moja aliandika, bila kumwonyesha mfamasia: "Our son are dead."

Alimwekea daftari, akasimama nyuma ya kiti. Mwalimu aliisoma, akakata "are", akaandika "is".

"Mwana ni mmoja," alisema kwa upole. "Angekuwa na wengine ndipo tungesema are. Huyu amekufa peke yake. Our son is dead. Haya, inayofuata."

Bi Mkunjo alitoka uani, akashika kamba ya kuanikia nguo kwa mikono miwili, akalia bila sauti. Lakini kesho yake aliandika nyingine, na kesho kutwa nyingine. "He were twenty-three." "His father have killed him." Mwalimu alisahihisha zote kwa mwandiko wake mzuri. Zilipofika ishirini na kitu, Bi Mkunjo alikuwa hajui tena kama anazungumza na mumewe au anampiga.

Binti yao alikuja likizo ya wiki moja. Siku ya pili alilikuta daftari juu ya kabati, akalifungua akitarajia kucheka. Alisoma akiwa amesimama. Halafu akamfuata mama yake jikoni, akafunga mlango.

"Mama, hii si dawa. Hiki ni kisasi."

Mama yake aliendelea kukata vitunguu. Alisema baba mwenyewe haumii, hajui anachosoma.

"Ndiyo maana ni vibaya," akasema binti. "Unampiga mtu aliyelala."

Hawakugombana zaidi ya hapo. Bi Mkunjo alikiri kwamba ni kweli, akaapa kuacha. Binti akamwambia kwamba yeye naye, miaka yote hiyo, kila akimpigia baba yake simu alikuwa anahesabu mpaka tano kwanza ili sauti isije ikamtoka vibaya. Walikaa jikoni kitambo mpaka chakula kikaanza kushika chini ya sufuria.

Kesho yake sentensi zilikuwa za kawaida, za pasi na mvua na bei ya sabuni. Mwalimu alisahihisha tatu, akasita. Akafunua kurasa za nyuma, akarudi mbele, akatafuta.

"Yule mwingine hakuandika leo?" aliuliza.

"Nani, baba?" akauliza binti, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza.

"Yule mwenye mwana aliyekufa. Ana majonzi, na haviwezi kabisa vitenzi." Akavua miwani. "Kuna kijana nilikuwa naye, aliandika hivi hivi. Alileta barua ya kuomba kazi. Makosa saba. Nikamsomea mbele ya wageni."

Bi Mkunjo akaweka birika chini.

"Kwa nini ulimsomea?" Bi Mkunjo akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwalimu alilitafuta jibu kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko hata mfuko.

"Walikuwa walimu wenzangu. Nilitaka wajue kwamba makosa yake nayaona." Akasugua macho. "Lakini barua ilikuwa nzuri. Mtu angeielewa toka mwanzo mpaka mwisho. Niliwaza nimfuate nimwambie. Nadhani nilivaa na viatu. Sijui ilikuwaje."

"Yuko wapi sasa huyo kijana?" binti akauliza.

"Kazini. Hajarudi." Kisha akamgeukia mkewe, akamtazama kwa makini, kwa heshima anayopewa mgeni. "Samahani, mama, wewe unamfahamu?"

"Mimi ni mama yake."

"Ah." Akaushika mkono wake, ule wenye kovu. "Basi akija umwambie aipeleke tu ile barua. Vile vile ilivyo. Asifute kitu."

Bi Mkunjo alijua binti yake anamtazama. Alijua pia kwamba alikuwa ameyasubiri maneno hayo miaka tisa, na sasa alikuwa amekabidhiwa ayapeleke kwa mtu asiyeweza kufikiwa, na aliyemkabidhi hajui kwamba amezungumza na mkewe. Angeweza kumwambia ukweli. Ungemkata kwa dakika mbili, halafu angeusahau, na kesho angeuliza tena.

"Nitamwambia," akajibu.

Mwalimu akashukuru, akavaa miwani, akaendelea na sentensi ya nne.

Baada ya siku hiyo hakumtaja tena yule kijana. Bi Mkunjo alingoja. Siku zingine alimrushia neno la kumkumbusha, akiongea juu ya barua, au juu ya kiwanda, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Binti alirudi kazini kwake. Mvua ziliisha, vumbi likaanza, na Mwalimu akaanza kula kwa kulishwa.

Kisha ikaja alasiri aliyoiogopa. Alikuwa ameandika kosa jepesi kabisa, la mtoto wa darasa la kwanza: "She go home." Mwalimu aliisoma, midomo ikitembea. Akaweka tiki.

"Sahihi," akasema, akatabasamu kama mtu aliyetoa zawadi.

Bi Mkunjo aliandika nyingine hapo hapo, mbovu zaidi. Tiki. Akaandika ya tatu, "I is your wife." Mwalimu aliitazama kwa muda, mkewe akawa anaomba kimoyomoyo. Tiki, kubwa na safi. Akamrudishia daftari, akakunja mikono.

Bi Mkunjo hakulia. Alichukua kalamu nyekundu kutoka mbele yake, akavuta kiti karibu, akasahihisha mwenyewe zote tatu huku akimsomea taratibu, moja moja, kwa nini hii haikai na ile haipatani. Mwalimu alimsikiliza kwa utulivu. Alionekana kupenda sauti yake. Tangu siku ile alisahihisha yeye na mume akasikiliza, na hakuna alasiri waliyoikosa mpaka mwisho.

Mwalimu alifariki miezi mitano baadaye, asubuhi, wifi akiwa anamfungulia dirisha. Bi Mkunjo aliitwa kutoka dukani akiwa na koti la mtu mezani, mkono mmoja umeshapigwa pasi na mwingine bado. Aliumaliza ule mkono wa pili ndipo akaondoka. Wenzake walidhani hakusikia alichoambiwa. Alikuwa amesikia, alitaka tu dakika mbili zaidi za kuwa mke wa mtu.

Wanafunzi wa zamani walijaa mazikoni, watu wazima wenye mvi, kila mmoja na kisa chake cha kalamu nyekundu. Mfamasia alilia kama mtoto.

Wiki iliyofuata mama na binti walikwenda ofisi ya usajili kuchukua cheti cha kifo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Binti alinyoosha mkono aijaze, mama yake akamwambia aache, ataijaza mwenyewe. Akaandika polepole, kwa herufi zilizosimama wima. Kwenye nafasi ya watoto aliandika: "One daughter is alive. One son is dead." Karani alisema namba peke yake ingetosha, lakini akagonga muhuri.

Nje kulikuwa na ukuta mfupi wa saruji, wakakaa hapo kupumzika kwa sababu magoti ya mama hayakuwa na nguvu siku hizo. Cheti kilikuwa ndani ya bahasha juu ya mapaja yake.

"Kuna kitu sijakwambia," alisema. "Siku ile ya barua. Mimi ndiye niliyewapelekea wageni chai. Niliwakuta wanacheka. Na mimi nikacheka."

Binti akageuka.

"Sikuwa najua wanachekea nini. Nilisikia Kiingereza tu. Nikaona wamecheka, nikacheka, ili wasidhani sielewi. Kaka yako alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anamtazama baba yake."

"Mama. Ulikuwa hujui."

"Sikujua." Alizungusha bahasha mapajani. "Alikuwa ameandika 'Me and my friend was trained together.' Sauti ya baba yenu akiisoma sijaisahau mpaka leo, ila maana yake niliipata mwaka huu, pale mezani. Ni kosa dogo, mwanangu. Mimi nimelikosea mara mia."

Binti akasogea mpaka mabega yakagusana. Akaichukua ile bahasha, akaitia mkobani mwake ili mama yake awe na mikono mitupu. Wakakaa hivyo mpaka karani akatoka kufunga ofisi, akawaambia mama zangu, tunafunga, na Bi Mkunjo akamwomba amsaidie kuinuka.